Kifurushi cha vinywaji cha mke asiyekunywa: yaliyonikuta kwenye meli ya kitalii

Nyota moja. Na hiyo moja si ya kampuni, ni ya kijana wa Mombasa aliyekuwa akitutandikia kitanda. Nitafika kwake.

Mimi ni mtu wa Moshi, kazi yangu kupandisha wageni mlimani. Vifurushi nimeviuza tangu nikiwa kijana, kwa hiyo asije mtu akasema huyu mzee kaona bili ya Wazungu akazimia. Mgeni akiniulizia njia ya Machame namwandikia kila kitu kwenye karatasi moja: ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20, juu yake VAT asilimia 18, na mwishoni, kwa herufi zenye ukubwa uleule, kwamba tipu ya wagumu (wabeba mizigo), wapishi na waongoza wageni haimo. Akifika getini hakuna wa kumshtukiza. Ndiyo maana hii imeniuma zaidi.

Masika huku mlima unalala. Watoto wetu wakachanga, wakasema safari hii baba na mama ndio watalii. Ajenti tuliyempata yuko Arusha, mama mmoja mchangamfu, chai na vitumbua vinafika mezani hujakaa sawasawa. Bei aliyotufungulia kwenye kompyuta ilikuwa ndogo mpaka nikamuuliza kama ni ya mtu au ya begi. Ya mtu, akasema. Alichochelewa kusema ni kwamba ni ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani, chumba cha ndani kisicho na dirisha, na kodi na ada za bandari bado. Haya, nikameza, hakuna biashara isiyopamba mlango wa mbele. Visa ya Schengen euro 90 kwa kichwa, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, safari ya Dar kwenda kuacha alama za vidole, ndege ya KIA hadi Addis hadi Roma, halafu treni tena, kwa sababu bandari wanayoiita Roma iko Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka Roma yenyewe. Hayo hayamhusu mwenye meli, siwezi kumtwisha.

Ninachomtwisha ni kifurushi cha vinywaji, yaani unalipa bei moja kwa siku halafu unakunywa bila kulipia kila glasi.

Jioni napenda bia yangu baridi, na mvinyo kwenye chakula siukatai. Mke wangu ni mlokole, na si mlokole wa Jumapili tu. Huyu hajaonja mbege hata kwenye harusi ya kaka yake kule Marangu, ambako kata ilizunguka mpaka kwa wazee wa kanisa. Nikamwambia ajenti, niwekee mimi tu. "Sawa baba, cha baba peke yake, mama atakunywa maji. Malipo mtafanya ndani ya meli." Hayo ndiyo maneno yake, na mke wangu alikuwepo.

Jioni ya kwanza, taa za Civitavecchia bado zinaonekana, nikafungua akaunti ya chumba kwenye televisheni. Vifurushi viwili! Kimoja jina langu, kingine jina la mama watoto. Kila kimoja dola zaidi ya 60 kwa siku, siku zote za safari, uwe umekunywa au umelala, na chini yake mstari mwingine wa asilimia 18. Nikadhani ni VAT, maana asilimia ni ileile ya kwetu. Wapi. Ni tipu ya mhudumu wa baa, inakatwa kabla hajakumiminia hata tone. Zidisha kwa wawili, kwa juma zima, unapita dola 1,000. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni mbili na nusu, na nusu yake ni ya mtu ambaye muda ule alikuwa ameshika kikombe cha chai ya bafe. Chai ya bafe, mnielewe, ni bure kwa kila abiria. Maji ya bafe bure, juisi ya asubuhi bure.

Nikashuka kaunta ya huduma kwa abiria.

Pale kuna foleni mbili. Ndefu ni ya watu kama sisi, fupi ni ya wanachama wa ngazi za juu, na hapa niseme kidogo kuhusu huu uanachama, maana ajenti aliupigia debe kuliko safari yenyewe. Alinisajili, nikapewa kadi ya bluu, ngazi ya kuanzia. "Baba, sasa wewe ni mwanachama, kuna punguzo la asilimia 5 na watakupa kipaumbele." Kampuni nyingi zinahesabu usiku uliolala kwenye meli zao. Royal Caribbean, kwa mfano, usiku mmoja ni pointi moja, mbili ukilala suite (vyumba vikubwa vya bei ya juu), na ngazi ya juu kabisa inaanzia pointi 700. Kwenye chumba cha kawaida hiyo ni karibu miaka miwili ya kulala majini! Carnival nao walitangaza mwaka 2025 kwamba wanahamia kwenye kuhesabu pesa unayotumia badala ya usiku, na angalau hao wamesema wazi wanachokitaka. Hawa wawili sijapanda meli zao, nimewasoma tu nikitafuta pa kupoozea hasira. Kwenye meli yetu, kadi ya bluu ilinipatia barua ya "karibu mwanachama" juu ya mto, chupa moja ya maji, na kuponi ya punguzo la picha. Picha zenyewe wanakupiga bila kuwaomba, ukishuka gati au ukiwa na kijiko mdomoni, halafu wanazitundika ukutani wakuuzie sura yako.

Kipaumbele nacho nilikiona. Kila nikikaribia kaunta anatokea mzee mwenye kaptura na kadi ya dhahabu shingoni, anapita upande wa pili, anaitwa kwa jina lake, anaulizwa hali ya wajukuu. Sisi tunasogea hatua moja.

Tulipofika, dada wa kaunta hakuinua macho. Nikamweleza. Akabofya, akasema watu wazima wote wa chumba kimoja lazima wanunue kifurushi cha pombe pamoja, kwa sababu akinunua mmoja atamnywesha mwenzake. Sababu naielewa, hata mimi ningeshuku. Nikamwambia, mwenzangu ni huyu hapa, mtazame, hanywi. Hakumtazama. Kughairi? Muda wa kughairi uliisha tulipokanyaga melini. Punguzo la mwanachama basi? Haliunganishwi na bei ya ofa. Akauliza, macho bado kwenye kioo, kama mama ana tatizo la kiafya. Hapana. Ana barua ya daktari? Hapana, ni mzima. Halafu, kwa sauti iliyofika mpaka foleni ya dhahabu: "Ni mjamzito?"

Mke wangu ana wajukuu. Alikuwa amesimama pale na kitenge chake cha kutokea, mkoba kaukumbatia kifuani, na Kiingereza anakisikia kuliko mimi, amefundisha shule ya msingi mpaka kustaafu. Nyuma yetu kuna mtu alicheka. Mama alijibu kwa Kichaga, na kwa heshima yake naishia hapo. Dada yule akaisukuma kadi yangu ya bluu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeondoa mende mezani, akaita anayefuata.

Nimefanya kazi na wageni miaka mingi. Nimebeba mtu anayetapika kutoka kambi ya Barafu, kule juu mlimani, nimetukanwa kwa sababu ya mvua, kana kwamba mvua naileta mimi. Sijawahi kumuuliza mama wa mtu swali la namna hiyo mbele ya watu. Kosa la hesabu ningelisamehe. Hili silisamehi, na nikisema kampuni nzima ni takataka jueni nasema kwa sababu ya sekunde zile.

Kijana wa Mombasa ndiye aliyenifungua macho. Alipoona vitenge kabatini akaanza kutusalimia kwa Kiswahili, shikamoo mzee, shikamoo mama, na mama akapata mtoto. Nilipomsimulia akatikisa kichwa. "Mzee wangu, kwa kaunta usipoteze pumzi. Hii inamalizwa kabla ya safari. Ajenti anapiga simu, anasema mmoja hanywi, wanamwekea kifurushi cha soda. Kila wiki naona."

Simu moja tu! Hapo hasira yangu ikahama, ikavuka bahari mpaka Arusha. Nikanunua intaneti ya meli, ambayo inauzwa kwa kila kifaa, simu ya mama ni pesa nyingine, ili tu nimwandikie yule mama wa vitumbua. Jibu lilikuja kesho yake: "Pole sana baba. Furahieni safari," na maua matatu.

Kesho yake nikarudi kaunta na shari yangu. Meli hizi zinakata tipu ya kila siku moja kwa moja kwenye akaunti, na kwenye kampuni nyingi za Wamarekani sasa inaelea kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa kwa siku. Kampuni nyingi zinaruhusu uombe iondolewe. Nikasema basi, wamenikamua kwenye vinywaji, mimi nakata huku. Nilifika mpaka mbele ya kaunta. Lakini mtu wa Moshi atakataaje tipu? Nusu ya nyumba za mtaani kwetu zimejengwa kwa tipu ya mlima. Ile pesa inagawanywa kwa wanaotandika, wanaopika, wanaofua, na dada wa kaunta hakosi mshahara kwa sababu yangu. Nikauliza saa ya chakula cha jioni, nikaondoka. Kijana nilimpa yake mkononi pia, na ningekuwa na zaidi ningempa zaidi.

Kusema haki, kuna siku nilisahau. Napoli tuliingia asubuhi mapema, Vesuvio ule pale juu ya mji, na nikacheka peke yangu kwa sababu mlima uliozika mji mzima wa Pompeii una mita 1,281, haufiki hata usawa wa geti la Machame. Mama alitembea Pompeii mpaka mimi nikaomba kukaa. Chakula cha jioni sina la kusema, wanakuletea sahani ukiiacha wanauliza kwa wasiwasi kama kuna kosa. Marseille meli inafunga mbali na mji na basi la kwenda katikati unalipia, lakini hata hilo siku ile sikulijali. Kuna jioni nilikaa nje na bia, ya kwangu halali, upepo mzuri, nikajisemea nyota tatu. Hata nne.

Halafu usiku wa mwisho wanakuingizia bili chini ya mlango. Kurasa kadhaa. Wameorodhesha kila kinywaji, saa na baa ulikochukua, na mbele yake bei, ambayo kwa mwenye kifurushi ni 0.00. Yangu imejaa. Ya mama watoto: soda, 0.00. Soda, 0.00. Maji ya gesi, 0.00, ambayo aliyaonja akayaacha. Basi. Chini yake jumla ya kifurushi chake, na ile asilimia 18, ya kumshukuru mhudumu aliyemfungulia soda mbili. Nyota zikarudi palepale.

La kadi nalipitia haraka, ila wenye kadi za benki za huku zingatieni: ukisajili kadi ya kutoa pesa kwenye akaunti yako halisi, meli inazuia kiasi fulani kama dhamana, na hata ukishalipa bili kile kilichozuiwa hakirudi siku hiyohiyo. Nilikaa na salio ambalo benki inasema lipo na mashine inasema halipo, wakati ada ya mjukuu inasubiri. Wanaoweza kuweka taslimu kaunta waweke taslimu, ila jiandaeni na foleni mnayoijua.

Sasa sikieni kituko. Wakati mimi nagombana, mama watoto alikuwa ghorofa ya kati, kwenye meza wanayouzia safari zijazo. Ameweka amana. Alinificha mpaka tumefika Boma Ng'ombe, kwenye gari, dereva anasikia. Wanampa salio la kutumia melini, chakula kilikuwa kizuri, yule kijana wa Mombasa ni kama mwanawe, na dada wa kaunta, anasema, ni mtoto tu, atakua.

Nikatafuta ajenti mwingine, huyu wa hapahapa Moshi. Nikamuuliza, je, tukichukua vyumba viwili, mimi na bia zangu, yeye na chai yake? Akapiga hesabu, akacheka. Chumba bei yake ni ya watu wawili, ukilala peke yako meli nyingi zinakutoza karibu nauli yote ya yule asiyekuwepo. Kutenganisha ndoa ni ghali kuliko kifurushi. Nimemwambia basi kabla hatujaongeza hata senti juu ya ile amana apige simu kampuni, apate kwa maandishi kwamba mama anawekewa kifurushi cha soda, na anitumie hayo maandishi, si maua. Na aulize pia kama wanaosubiri foleni ya bluu wanaweza kuhudumiwa na mtu mwingine.