TAHADHARI: Beringi za kiti "mpya" zinazozungushwa kwenye magrupu ya mafundi Tanga

Wenye mashine za kusaga, kukoboa na kukuna nazi, Ngamiani, Pongwe hadi Muheza, kaeni macho. Kuna jamaa anauza kwa bei ya kutupa beringi za kiti, zile UCP zenye miguu miwili ya kufungia boliti. Picha ni boksi jipya la SKF, kampuni ya kutengeneza beringi. Hela kwanza, mzigo unakuja na boda.

Mteja wangu aliniletea jozi nimfungie. Rangi inang'aa, lakini nilipokwaruza mguu mmoja kwa bisibisi ikabanduka: chini pati (ile ya kuzibia mashimo), chini ya pati ufa. Hausingi, yaani ganda la chuma linaloshika beringi, ni kuukuu, imezibwa ikapuliziwa rangi! Chuma cha kutupwa kikishapata ufa hakistahimili mtikisiko wa kinu, kitakatika mashine ikiwa kwenye mzigo na watu wamesimama pembeni.

Nipo, ile chuchu ya kuingizia grisi, ndiyo iliyonichekesha. Ipo, tena nzuri, ila tundu lake limejaa pati. Sukuma grisi mpaka uchoke, beringi haionji kitu.

Beringi ya ndani mgongo wake umevimba kama mpira, ili ijiweke sawa shafti ikipinda kidogo. Kwenye hausingi nzima inakaa kwa kubana; kuigeuza unaingiza kipande cha shafti ndipo unasukuma. Hii ilikuwa inacheza kwa kidole kama jino bovu.

Halafu namba. Boksi limeandikwa UCP 206, yaani 06 mara 5, shafti ya milimita 30. Ringi ya ndani imepigwa 206-20: hiyo ni inchi 1¼, milimita 31.75. Mteja akaambiwa "skrubu zitabana tu". Thubutu! Skrubu mbili za kwenye ringi zitaisukuma shafti upande mmoja, izunguke ikiyumba mpaka iliwe.

Muuzaji alipopigiwa simu akajibu mafundi wa Tanga tunajifanya wajuaji, kisha akamblok mteja.

Kwa hiyo usitume hela kabla hujashika mzigo. Nenda na bisibisi na venia ya kupimia tundu, dai risiti ya EFD. Kama boksi ni la SKF, wana programu ya simu, SKF Authenticate, ya kuhakiki. Ukishapigwa, usitupe boksi wala hausingi: bidhaa bandia ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, na bila mzigo mkononi utabaki kusimulia tu.