Simu za Tecno na itel: Tathmini ya Kifaa na ya Mkakati Uliokijenga

Mama yangu anatumia itel ya vibonyezo, ile ambayo vijana wa mjini huiita kiswaswadu, nami natumia Tecno ya bei ya kati. Zote mbili zimepita mwaka wa pili mikononi mwetu. Ninaziandikia tathmini moja kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Kampuni mama ni Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, ambayo pia inamiliki Infinix, vifaa vya Oraimo na vituo vya matengenezo vya Carlcare. Mtu akizipima simu hizi kwa megapikseli na ukubwa wa kumbukumbu peke yake, hataelewa ni kwa nini zimejaa kila mtaa, kwa kuwa katika vipimo hivyo hazikuwahi kushika namba moja.

Nianze na simu ya mama. Ina nafasi mbili za laini, redio isiyokula bando, tochi inayowaka kwa kushikilia kitufe kimoja, na betri ambayo ikichajiwa Jumapili, Alhamisi mama huniambia kwamba bado vijiti viwili. Mlio wake unasikika kutoka uani hadi bandani kwa kuku. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji maabara kubwa kukibuni, na hapo ndipo swali la mkakati linapoanza: kama ni rahisi kiasi hicho, waliokuwa wakubwa walishindwa nini kukitengeneza mapema?

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Tecno ilipoanza kuuza simu ya laini mbili mwaka 2007, Nokia ndiyo iliyokuwa mfalme wa soko la Afrika. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo mtu alikuwa na laini ya kuongea na nyumbani na nyingine ya kuongea na wateja, na mara kadhaa kwa siku alifungua mfuniko, akatoa betri, akachomoa laini kwa ukucha na kupachika ya pili. Nokia ililiona jambo hilo kama tulivyoliona sisi, lakini simu zake za laini mbili zilianza kutangazwa mwaka 2010. Sidhani kama ilikosa wahandisi. Kampuni inayouza simu zake nyingi Ulaya kupitia mitandao ya huko haina haraka ya kumpa mteja nafasi ya kuweka laini ya mtandao mshindani, wakati Transsion, ambayo haikuwa na mkataba wa namna hiyo wa kuulinda, haikuwa na cha kupoteza. Kwa maoni yangu, faida ya ushindani inayodumu huzaliwa mahali kama hapo, pale ambapo mshindani anaona wazi unachofanya na anaweza kukifanya, lakini akikifanya anajiumiza mwenyewe.

Uamuzi wao mwingine ni wa kile walichokiacha. Kampuni hii ya Kichina haikwenda kupigania wanunuzi wa China, ambako washindani walikuwa wamesongamana. Ilielekeza nguvu zake Afrika, na mwaka 2011 ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia. Kamera nayo ilirekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi. Katika harusi ya binamu yangu mwaka jana, ukumbi ukiwa na taa za zambarau, picha za kundi nilizopiga kwa Tecno zilionyesha nyuso za watu wote, wakati simu ya shemeji, iliyogharimu karibu mara tatu ya yangu, iling'arisha shela la bibi harusi na kuwaacha wajomba kama vivuli. Sisemi kwamba kamera yangu ni bora kwa ujumla, kwa maana mandhari ya mbali inayapakapaka, ila kwa kazi ninayoitaka inatosha.

Kuhusu matengenezo nitakaa kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi hulikumbuka suala hilo kioo kikishapasuka. Changu kilipopasuka mara ya kwanza nilikwenda kwa fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye simtaji, akaniwekea kioo kilichoanza kujibonyeza chenyewe baada ya wiki mbili. Mara ya pili nikaenda Carlcare: nikachukua namba, nikaambiwa bei kabla simu haijafunguliwa, na jioni nikaondoka na kioo kinachofanya kazi mpaka leo. Kituo cha namna hiyo ni gharama kukiendesha na hakionekani kwenye tangazo la simu, lakini ndicho kinachomfanya mwenye simu ya bei nafuu asijihisi amenunua kitu cha kutupa. Changanya vituo hivyo na maduka madogo yaliyopakwa rangi ya buluu ya Tecno au nyekundu ya itel hadi miji midogo, na utaona kwamba mpinzani anayetaka kuiga hawezi kuiga kipande kimoja akafanikiwa.

Kasoro zipo. Mwaka 2020 watafiti wa usalama waligundua programu hasidi ndani ya simu aina ya Tecno W2, na kampuni ikamtupia lawama msambazaji mmoja katika mnyororo wake wa uzalishaji. Mnunuzi wa simu ya bei ya chini hana njia ya kuchunguza mnyororo huo. Mwaka 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion nchini India kuhusu hataza, yaani haki za umiliki wa uvumbuzi, na kesi za aina hiyo zinaonyesha upande ambao simu nafuu haina kinga. Zaidi ya hapo, laini mbili siku hizi ziko hata kwenye Samsung na Xiaomi, kwa hiyo silaha ya 2007 imekuwa kitu cha kawaida. Kinachobaki kuilinda kampuni ni bei, mtandao wa maduka na matengenezo, na ningeogopa zaidi wale wanaouza simu kwa malipo ya kidogo kidogo kila siku kuliko wale wanaoongeza kamera ya nne.

Kwa mzazi aliye kijijini, itel ya vibonyezo naipendekeza bila kusita. Tecno ya bei ya kati naipendekeza kwa anayepiga picha za watu na kuishi mbali na chaja. Mcheza gemu nzito atafute pengine. Dukani bonyeza *#06#, kisha tuma namba ya utambulisho wa simu itakayotokea kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ambayo tangu Juni 2016 imekuwa ikizifungia simu bandia zisitumike kwenye mitandao. Wiki iliyopita niliacha simu niliyotaka kumnunulia mpwa wangu, kwa kuwa namba ya kwenye boksi haikulingana na ya kwenye kioo. Muuzaji alisema maboksi huwa yanabadilishana yenyewe ghalani.