Cité internationale ya Paris: tazama jiko kabla ya bendera

Cité internationale universitaire ni kijiji cha wanafunzi chenye hekta 34 kusini mwa Paris, mtaa wa 14, mkabala na bustani ya Montsouris. Nyumba yake ya kwanza, Fondation Deutsch de la Meurthe, ilifunguliwa mwaka 1925. Leo nyumba zimezidi 40, na nyingi zimebeba jina la nchi: Japani, India, Meksiko, Moroko, Tunisia. Tanzania na Kenya hazina nyumba pale, jambo ambalo huwakatisha tamaa waombaji wengi bila sababu. Nyumba hubadilishana wakazi kwa makubaliano, kwa hiyo Mmoroko anaweza kupangiwa kwa Wameksiko na Mjapani kwa Waholanzi. Zipo pia nyumba zisizo na bendera ya nchi moja, kama Résidence Lucien Paye, iliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa makoloni ya Ufaransa na ambayo hadi leo ina Waafrika wengi.

Nafasi ni hasa za wanafunzi wa uzamili, wa uzamivu na watafiti. Aliye mwanzoni mwa shahada ya kwanza atafute kwingine mapema.

Kosa la kawaida ni kuchagua nyumba kwa picha. Fondation Suisse ya mwaka 1933 na Maison du Brésil ya mwaka 1959 zina mkono wa msanifu majengo maarufu Le Corbusier, na watalii huja kuzipiga picha. Ni nzuri kweli. Lakini ni majengo yanayolindwa na sheria ya urithi, hivyo usitarajie kupigilia msumari ukutani au kubadilisha samani upendavyo. Vyumba vyake pia vilipimwa kwa mahitaji ya wakati ule. Kabla ya kukubali nafasi, iandikie ofisi ya nyumba uulize: jiko moja linatumiwa na watu wangapi? Bafu liko chumbani au kwenye korido? Dirisha linatazama upande gani? Swali la dirisha si la anasa. Barabara ya mzunguko ya Périphérique inapita ukingo wa kusini wa eneo lote, na magari yake hayalali. Upande wa boulevard Jourdan kuna tramu, ila kelele yake ni ndogo zaidi.

Sasa jiko, maana huko ndiko uhusiano wa mataifa unakotokea au kukwama. Jiko la pamoja la korido likiwa na friji yenye makabati ya kufunga kwa ufunguo, watu hupika, hukaa na huonjana vyakula. Friji ikiwa wazi, maziwa hutoweka usiku, majina hubandikwa kwenye kila chupa, na baada ya mwezi kila mtu anakula chumbani kwake. Hakuna tamasha la utamaduni litakalotengeneza hilo.

Anayetaka ugali aangalie aina ya jiko kabla ya kufunga sanduku. Jiko la induksheni halipashi sufuria ya alumini, hata uiache saa nzima, kwa sababu linahitaji chuma kinachonasa sumaku. Pima nyumbani: sumaku ya friji isiponata chini ya sufuria, iache. Jiko la sahani za umeme linaikubali alumini, lakini sufuria nyepesi yenye kitako kilichopinda huzunguka na mwiko na kuunguza upande mmoja. Nunua nzito yenye kitako bapa na mpini. Sahani hizo huchelewa kushika moto na huchelewa kupoa pia, kwa hiyo zima dakika chache kabla ugali haujaiva. Unga wa mahindi meupe, mihogo na ndizi za kupika vinapatikana Château Rouge, mtaa wa maduka ya vyakula vya Kiafrika kaskazini mwa Paris: tramu T3a hadi Porte d'Orléans, kisha metro namba 4 moja kwa moja. Usipikie chumbani. King'ora cha moshi kikilia, jengo zima linatoka nje, na saa nane usiku mwezi wa Januari hakuna atakayekuchekea.

Soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo, volti 230, karibu sawa na Afrika Mashariki. Unahitaji adapta tu, si transfoma.

Usafiri ni mzuri kuliko hosteli nyingi za Paris. Treni ya RER B inatoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi kituo cha Cité Universitaire bila kubadilisha. Angalizo: tiketi ya kawaida ya metro haifai kwa safari ya uwanja wa ndege, nunua ile ya uwanja, usije ukatozwa faini siku ya kwanza. Ndani ya kijiji, Maison Internationale ina maktaba na mkahawa wa Crous, shirika la umma la huduma za wanafunzi, wenye bei ya ruzuku, msaada mkubwa wiki za mitihani.

Upande wa karatasi ndiko wageni hupoteza fedha. Andaa amana, bima ya makazi na mdhamini. Usiye na mdhamini Ufaransa, omba Visale, dhamana ya bure kwa vijana wenye sifa. Viza ndefu ya mwanafunzi ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuingia, la sivyo maombi mengine yote yanakwama. Ruzuku ya kodi ya pango kutoka CAF, mfuko wa serikali wa posho za familia, hailipi mwezi wa kwanza, na masharti yake kwa wasio raia wa Umoja wa Ulaya yamekuwa yakibadilishwa. Panga bajeti kana kwamba haipo.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo utasaini orodha ya hali ya chumba. Isome mstari kwa mstari kabla ya kusaini: doa kwenye godoro, ufa kwenye sinki, bawaba ya dirisha iliyolegea. Lisiloandikwa siku hiyo litahesabiwa kuwa lako siku ya kuondoka. Piga picha zenye tarehe na uzitume kwa barua pepe ya ofisi siku hiyohiyo. Na ukihama, usifunge akaunti ya benki ya Ufaransa mpaka amana iwe imeingia.