Prednisoloni kwa mtoto mwenye Duchenne: bei ya chee, kazi inafanya, ila usiichezee

Nyota nne kwa tano. Ya tano wameila wauza dawa, ntafika huko.

Kwa wasioujua, Duchenne ni ule ugonjwa wa kurithi wa misuli kuisha taratibu, unawapata karibu watoto wa kiume tu, kama mmoja kwa kila 5,000 wanaozaliwa, kasoro iko kwenye kromosomu ya X na mama anaweza kuibeba maisha yake yote bila kujua. Alafu karibu theluthi moja ya watoto kasoro inaanzia kwao wenyewe, mama wala hana, kwahiyo mashangazi wanaotafuta ukoo gani umeleta balaa wapumzike kidogo. Mtoto anakuwa na vigimbi vimejaa kama mcheza mpira, mtaani wanamsifia, kumbe akikaa chini hainuki mpaka ajishike magoti, apande na mikono juu ya mapaja yake mwenyewe ndo asimame. Wangu ilikuwa hivyo hivyo, kipimo cha damu cha CK, kinachoonyesha misuli inavyoharibika, kikatoka juu mno, baadae cha jeni kikathibitisha, daktari akaandika prednisoloni.

Mi nikajiuliza, si ndo hizi za pumu na aleji? Ndo hizo hizo, vidonge vidogo vya miligramu 5, na hela ya mwezi mzima haifiki bei ya kuku wa kienyeji. Tuelewane lakini, haiponyi. Inatuliza ule uvimbe wa ndani kwa ndani unaoharakisha misuli kufa, na sio mambo ya kubahatisha, Marekani waliijaribu prednisoni, ndugu yake inayogeuka prednisoloni mwilini, kwa wavulana 103 majibu yakatoka 1989, nguvu ziliongezeka kweli. Kwa kawaida wanaoitumia wanaendelea kutembea kama miaka 2 hadi 3 zaidi ya ambao hawatumii, na hata wakishakaa kwenye kiti cha magurudumu mikono na kifua vinaendelea kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Sasa dozi. Ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, wangu alikuwa na kilo 20 kwahiyo 15, yani vidonge vitatu kwa mpigo, asubuhi, ameshakunywa uji. Nikaenda duka moja la dawa, kijana akahesabu kutoka kwenye kopo, akatia kwenye bahasha, juu akaandika 1x3. Nikamwambia kaka, cheti kinasema vitatu mara moja asubuhi. Akanijibu dada, si hesabu ni ile ile. Sasa mpe mtoto cha usiku uone, mtakesha wote nyumba nzima! Hakuishia hapo, akanishauri akishachangamka siku tano hivi niache, eti sio dawa ya kukaa nayo. Jamani. Mtoto akishaizoea, zile tezi za juu ya figo zinakuwa zimelala, ukimkatia ghafla haziamki siku hiyo hiyo, presha inashuka, anaishiwa nguvu, anaweza kufa kabisa. Inapunguzwa kidogo kidogo tena na daktari. Na malaria ikimpata akawa anatapika, kidonge hakikai tumboni, hapo sio pa kusubiri kuche, ni hospitali achomwe ya sindano. Kadi yake ya kliniki nimeiandika juu kwa kalamu nyekundu ANATUMIA STEROIDI KILA SIKU, steroidi ndo kundi la hii dawa, nesi yeyote akiishika anaanza na hilo.

Kazi inafanya kweli. Ngazi za kwa bibi yake alikuwa anabebwa, siku hizi anashika ukuta anapanda mwenyewe, polepole, na hataki kusaidiwa.

Ila njaa! Anamaliza ugali, anafuta sahani kwa kidole, hapo hapo anauliza chai ya saa kumi itakuwa na nini. Uso umeviringika, hasira za ghafla, na mdogo wake anakaribia kumpita urefu. Chipsi na mihogo ya kukaanga nimepiga marufuku nyumbani, chumvi kidogo sana, dagaa na maziwa kwa wingi sababu hii dawa inakula mifupa, mtoto akilalamika mgongo msimwambie acha kudeka, pingili zinaweza kuvunjika bila hata kuanguka, apigwe picha. Macho pia yaangaliwe kila mwaka, mtoto wa jicho unakuja mapema. Na chanjo zikamilishwe kabla hajaanza, tetekuwanga kwa mtoto wa steroidi sio mchezo.

Kuna wanaoniambia ningetafuta deflazakoti, steroidi nyingine ya Duchenne, ndo ya kisasa. Hiyo ni miligramu 0.9 kwa kilo kwa siku. Marekani waliipitisha Februari 2017 na kampuni ikatangaza dola 89,000 kwa mwaka, wakati familia za huko zilikuwa zinaiagiza nje kwa bei ya kawaida tu, wakapigiwa kelele mpaka wakaiuza kwa kampuni nyingine. Alafu 2022 ukatoka utafiti wa wavulana 196 wa miaka 4 hadi 7 katika nchi 5, kwa nguvu za misuli hizi mbili za kila siku hazikupishana kitu cha maana, zote zilizidi ile staili ya kunywa prednisoni siku 10 na kupumzika siku 10. Deflazakoti kilo haziongezeki sana, ila urefu unadumaa zaidi. Kwahiyo sijioni nimepunjwa. Vamoroloni, steroidi mpya waliyoipitisha Marekani 2023, ndo naitamani, wanasema mtoto anaendelea kurefuka, ila kwa bei zao wacha niendelee na kopo langu.

Anayejua duka Dar linalouza deflazakoti bila kuagiza India aniambie, kilo zikizidi kupanda daktari amesema tutabadilisha.