Niliruka kwa ajili ya Babu: maoni yangu kuhusu kituo cha parachuti

Miezi ya mwisho ya Babu, wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wenye maradhi mazito, walikuwa wakija nyumbani. Walimtuliza maumivu, walimkata kucha, wakatufundisha kumgeuza kitandani bila kumuumiza. Mwezi uliopita niliruka kwa parachuti kuichangishia fedha huduma hiyo.

Nianze na pesa. Kituo kilinieleza mapema kwamba gharama ya kuruka inaweza kukatwa kwenye michango, au nilipe mwenyewe. Nililipa mwenyewe. Watu walichangia wagonjwa, hawakuchangia safari yangu ya angani. Ukitaka kuruka hivi, uliza jambo hilo kabla ya kumwomba mtu hata senti.

Siku ya kwanza mawingu yalishuka, tukasubiri hadi alasiri, tukarudishwa. Sawa tu, ningeogopa kituo kinachorusha watu katika hali ile.

Mkufunzi alikuwa mtulivu kama fundi saa. Alinionyesha kulabu nne zinazonifunga kwake ili turuke pamoja, mbili mabegani na mbili nyongani, parachuti ya akiba, na kifaa kinachoifungua chenyewe tukikaribia ardhi bado tunaanguka kwa kasi. Nilitaka kuvaa saa ya Babu. Akakataa, mkanda wake umelegea, ingechomoka. Lakini hakuishia hapo: alitafuta ovaroli yenye mfuko wa zipu kwa ndani, akaiweka saa humo mwenyewe, juu ya kifua changu.

Tuliruka kutoka mita 4,000 hivi. Karibu dakika nzima ya kuanguka, kilomita 200 kwa saa, upepo unakuziba pumzi, sikuweza kuwaza chochote. Kisha parachuti ikafunguka na kukawa kimya. Hapo mkufunzi akaniuliza, "Mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Nilimsimulia mpaka aliponiambia niinue miguu tutue. Sijawahi kumzungumzia Babu kwa urefu ule tangu tumzike.

Kasoro ni moja, na iliniuma. Sijavua hata mikanda, machozi yananitoka, kijana wa mapokezi akanijia na mashine ya malipo kuniuzia video. Video ni nzuri, niliinunua baadaye. Lakini wengi wanaoruka pale wamebeba marehemu wao. Wawape kwanza dakika kumi za kukaa kwenye nyasi.