Tovuti ya Fomu 34A za Kenya (urais, 2022): uzoefu wangu wa kuitumia kukata ubishi

Nimeitumia tovuti hii ya Tume ya Uchaguzi ya Kenya (IEBC) kwa kazi moja: kuhakiki madai ya wanaobishana kuhusu kura ya urais ya Kenya ya 9 Agosti 2022. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Anayeifungua ili imwambie nani anaongoza atatoka mikono mitupu, na hapo asiilaumu tovuti.

Kilichomo ni picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo inayojazwa na msimamizi wa kituo kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala. Vituo vilikuwa 46,229. Fomu ikishatiwa saini hupigwa picha kwa kifaa cha KIEMS, kile kile kinachotumika kutambua wapiga kura kwa alama za vidole, kisha hurushwa na mtu yeyote mwenye intaneti anaiona. Jumla ya taifa haipo. Hiyo si bahati mbaya. Mwaka 2017 tarakimu zilikimbia kwenye skrini huku fomu zenyewe zikisuasua, na ni mojawapo ya mambo yaliyoiponza Tume pale Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi tarehe 1 Septemba. Safari hii wakageuza: fomu hadharani, hesabu jifanyie mwenyewe. (Kwetu Tanzania ubishi wa namna hii hauna pa kwenda: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa mtu aliyekwisha tangazwa kuwa Rais.)

Namna ya kuitumia. Chagua urais, kisha shuka: kaunti, jimbo, wadi, kituo. Pakua PDF na uihifadhi kwa msimbo wa kituo, si kwa jina, kwa sababu shule moja inaweza kuwa na vituo vitatu au zaidi na majina ya shule yanajirudia nchi nzima. Msimbo una tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za jimbo, nne za wadi, tatu za mahali pa kujiandikishia, mbili za mwisho ni namba ya kituo chenyewe. Ukiingiza kwenye Excel, badili safu iwe ya maandishi kwanza. Usipofanya hivyo sufuri za mwanzo zinapotea, 001 ya Mombasa inabaki 1, na baadaye hakuna kinachooana na kitu.

Kwenye fomu, mimi huangalia mambo manne kabla ya kuamini dai lolote. Kura za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika kwenye kura halali zilizoandikwa chini? Halali pamoja na zilizokataliwa zinazidi waliojiandikisha? Waliojiandikisha wanazidi 700, ambacho ndicho kikomo cha kituo? Saini za msimamizi na mawakala zipo, na kama wakala hakusaini, sababu imeandikwa? Fomu nyingi zinazosambazwa kama "ushahidi wa wizi" huanguka kwenye swali la kwanza, lakini ukitazama vizuri ni uchovu wa saa tano usiku: 1 inayofanana na 7, jumla iliyowekwa kwenye kisanduku cha kura zilizokataliwa, au namba iliyoshuka mstari mmoja. Kosa la kujumlisha halihamishi kura mpaka uone lilivyoingizwa kwenye Fomu 34B ya jimbo, ile inayokusanya matokeo ya vituo vyake vyote. Kwa hiyo fungua na 34B, tafuta mstari wa msimbo ule ule, linganisha mgombea kwa mgombea. Anayeleta 34A bila 34B ameleta nusu ya shauri.

Picha ikiletwa kwako kwa WhatsApp usiikuze wala kuipima kwa macho. Soma msimbo, kaivute ya kwenye tovuti mwenyewe, weka mbili pamoja. Mahakama nayo ilipita njia hiyo hiyo: iliagiza nakala halisi zilinganishwe na zilizorushwa, na katika uamuzi wa 5 Septemba 2022 juu ya kesi ya kupinga matokeo, majaji wote saba walikubaliana kwamba hakuna tofauti za maana. Hata lile dai la fomu ya Murang'a, iliyoonyeshwa mahakamani ikiwa na jina la raia wa Venezuela kama ishara kwamba mgeni aliiingilia, waliliona ni maneno matupu.

Sasa kwa nini vyombo vya habari, vikichota kutoka tovuti hii hii, vilionyesha viongozi tofauti usiku ule ule? Kwa sababu ya mpangilio wa kuingiza fomu, maana kila chombo kilijijumlishia chenyewe. Meza ya habari iliyoanza na Bomet, Kericho na Elgeyo Marakwet ilimwona William Ruto, aliyekuja kutangazwa mshindi, akipaa. Iliyoanza na Siaya, Homa Bay na Kisumu ilimwona mpinzani wake Raila Odinga. Katika ngome hizo mgombea mmoja huzoa karibu kura zote, kwa hiyo asilimia 40 ya fomu zilizoingizwa ovyo haikuambii chochote. Hata ukichagua vituo 1,000 kwa bahati nasibu tupu, bila kugawa kwa maeneo, kosa linaweza kufika pointi mbili hivi kila upande. Pengo halisi lilikuwa pointi 1.64, kura 233,211. Ukitaka kujumlisha, maliza fomu zote au nyamaza.

Dai ninaloulizwa zaidi ni lile la asilimia 100.01, yaani kwamba asilimia zilizotangazwa za wagombea wanne zikijumlishwa zinazidi mia. Makamishna wanne wa Tume waliojitenga na matokeo walisema ziada ya 0.01 ni kura kama 142,000. Hesabu yake ni ya dakika mbili. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987: jumla 14,213,027. Asilimia 0.01 ya hiyo ni kura 1,421, si 142,000. Hao walihesabu asilimia moja nzima. Na hata hizo 1,421 hazipo popote. Kwa desimali nne asilimia ni 50.4899, 48.8491, 0.4360 na 0.2251. Zikikadiriwa hadi desimali mbili, zote nne zinapanda: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Zijumlishe, utapata 100.01.

La nusu jumlisha moja, yaani sharti kwamba mshindi wa duru ya kwanza apate zaidi ya nusu ya kura, nalo lipimwe kwa namba. Nusu ya kura halali ni 7,106,513.5, na Ruto aliizidi kwa kura 69,627. Kuna wanaotaka kura 113,614 zilizokataliwa ziingie kwenye kigawanyo. Mahakama haikubali, lakini hata ukiziingiza anabaki na asilimia 50.09. Pembamba kama uzi, ila duru ya pili haipo.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu moja: ni picha tupu. Hakuna faili la tarakimu la kupakua, kila mtu anaandika upya kwa mkono, na kila anayeandika anaongeza makosa yake. Fomu 46,229, ukitumia dakika moja kwa kila moja, ni saa 770. Watu watatu wakizifanya saa nane kwa siku, wanamaliza baada ya siku 32 na ushee, wakati shauri la urais linatakiwa lifunguliwe ndani ya siku saba tangu kutangazwa. Kwa hiyo mimi sijumlishi. Nachukua dai moja, nachukua msimbo wake, nafungua 34A na 34B, na kama mleta dai hana msimbo wa kituo sifungui hata tovuti.