Konokono wamejaa kwenye tangi la samaki: ununue nini ukiwa Kigoma

Ukiingia duka la pembejeo pale Mwanga ukasema tangi lako la samaki limevamiwa na konokono, usishangae ukionyeshwa mrututu, yaani kopa salfeti, chumvi ya shaba. Bei yake ni ndogo na konokono wanakufa kweli. Mimi nauweka mwisho kabisa katika mwongozo huu, na sababu ni maji yetu. Ziwa Tanganyika lina pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inayokaribia 9, na ukijaza tangi kwa maji ya ziwa, pH hiyo ndiyo unayoileta nyumbani. Konokono wengi wakifa kwa pamoja wanaoza, na uozo unatoa amonia. Kwenye maji yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9, kwa joto la nyuzi 25 hivi, sehemu hiyo inapita theluthi moja. Samaki anaweza kunusurika na mrututu wenyewe, kisha akafa kwa mizoga ya konokono. Zaidi ya hapo, shaba iliyomo hunata kwenye changarawe, na kamba utakaowaweka miezi mingi baadaye wanaweza kudhurika. Ukilazimika, tumia kwenye tangi tupu lisilo na samaki. Niklosamidi, dawa inayotumika kuangamiza konokono wa kichocho, usiiguse kabisa: inaua samaki vilevile.

Kabla hujatoa hela, angalia ni konokono gani. Mrefu mwenye ncha kali, anayejizika mchangani mchana na kutoka usiku, ni Melanoides. Huyo anachimbua mchanga usigande na anakula mabaki. Wakizidi, wapunguze tu. Wale wenye magamba mazito waliong'ang'ania mawe ya ziwani, akina Lavigeria na Spekia, hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hili, kwa hiyo waacheni hukohuko kwenye mawe yao.

Anayenitia wasiwasi ni yule bapa, aliyejizungusha kama kamba iliyokunjwa chini. Huyo ni Biomphalaria, na ndiye anayebeba kichocho cha matumbo. Akitoka ufukweni akiwa tayari ameambukizwa, ataendelea kutoa vimelea ndani ya tangi lako, navyo vinapenya ngozi ya mkono unaosafisha kioo. Habari njema ni kwamba maambukizi hayapiti kwenye mayai: waliozaliwa ndani ya tangi ni salama. Hatari iko kwa mgeni aliyeletwa na jiwe, majani au ndoo ya maji.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa ndoo kubwa yenye mfuniko, pamoja na glavu ndefu za mpira zinazofika kiwikoni. Najua havivutii kama samaki mpya, lakini hakuna ununuzi mwingine utakaokuokoa zaidi. Maji ya ziwa yachujwe kwa kitambaa yasibaki na konokono, kisha yakae humo siku mbili kamili. Vimelea vya kichocho visipopata mwili wa kuingia vinakufa ndani ya muda huo. Mimea nayo ipite kwenye ndoo kwanza. Kwa yenye majani magumu kama anubiasi, changanya sehemu moja ya Jiki na sehemu 19 za maji, itumbukize kwa dakika mbili zisizozidi, kisha isuuze sana. Majani laini hayavumilii Jiki. Yaloweke kwenye maji ya shabu, ileile ya kusafishia maji ya kunywa, na uyakague chini ya jani, maana mayai hukaa pale kama tone la uteute.

Ya pili ni mchicha. Uchovye kwenye maji moto ulainike, ufunge na kijiwe, uushushe tangini jioni taa zikizimwa, asubuhi uutoe na mzigo wake. Kipande cha tango nacho kinafaa. Rudia kila usiku na papo hapo punguza chakula cha samaki, kwa sababu wingi wa konokono unafuata wingi wa mabaki. Mtu anayelisha mara tatu kwa siku ana shamba la konokono, na hakuna kitu dukani kitakachomsaidia.

Nafasi ya tatu ni samaki mla konokono, na hapa Kigoma tuna bahati ambayo wafugaji wa nchi nyingine wanailipia ghali. Chaguo langu ni Neolamprologus tretocephalus, mwenye mistari mitano myeusi, anayefika sentimita 15 hivi na kuponda magamba kwa meno ya kooni. Ni mkali. Mpe tangi lenye urefu wa mita moja na robo au zaidi, na usimchanganye na samaki wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Kwa tangi la wadogo hao, baki na mchicha.

Hesabu mistari kabla ya kulipa. Akiwa mdogo anafanana sana na Cyphotilapia, ambaye yule wa Kigoma ana mistari saba. Huyo atapita sentimita 30 na kulishinda tangi lako, na konokono si kazi yake. Tena anaishi kwenye kina kirefu: mzamiaji akimpandisha haraka, kibofu chake cha hewa kinavimba. Samaki yeyote mwenye tumbo lililofura, anayeelea juu mkia ukiwa umeinuka, mwache dukani hata ukipunguziwa bei. Muulize pia muuzaji samaki ametoka wapi, na umwombe kibali chake. Ukanda wa maji wa Mahale ni sehemu ya hifadhi, na wa huko si wa kuuzwa.

Gogogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus, namweka nyuma kidogo. Anakula konokono, ni mpole kuliko wa mistari, na hupenda kukaa na wenzake. Ila mayai hayako salama mbele yake: hutaga katikati ya samaki wanaolea watoto mdomoni, nao huishia kulea makinda ya gogogo yanayokula watoto wao.

Kuna na bunju wa Malagarasi, Tetraodon mbu. Kwa kuvunja gamba hana mpinzani, lakini hupita sentimita 60, na nyumba ya kawaida haina tangi la kumtosha. Usimnunue akiwa mdogo kwa kuwa anapendeza.

Konokono unaowatoa kwa mtego, waliozaliwa tangini unaweza kuwaponda ukawapa samaki. Wale bapa waliotoka ufukweni wamwagie maji yanayochemka ukiwa umevaa glavu. Maji ya tangi yamwage kwenye udongo mkavu mbali na mfereji, wala yasirudi ziwani, hasa kama umewahi kuchanganya mimea au konokono kutoka nje ya nchi.